Kupanda Ngong na mbwa: jibu kwa mwenye jamani shepadi wa miezi saba

Dada uliyeuliza kama unaweza kumpandisha mbwa wako vilima vya Ngong, na kama chui ndiye wa kuogopwa huko: kwa umri wake, bado. Na chui nitamfikia, lakini si yeye anayeumiza mbwa wengi wa Nairobi wanaopelekwa matembezi. Jua, kupe na mbwa kuachiliwa bila kamba ndivyo vinavyowaumiza.

Jamani shepadi wa miezi saba anaonekana mkubwa lakini mifupa yake ni ya mtoto. Kwa mbwa wa aina kubwa, sehemu za mfupa zinazoendelea kukua huweza kuchukua mwaka, au hata mwaka na nusu, kabla hazijakomaa, na aina hii ina tabia ya kurithi ubovu wa nyonga. Kule Ngong kunapandwa na kushukwa, kilima baada ya kilima, na kushuka ndiko kunakochosha viungo. Kwa sasa mzoeze msitu wa Karura, hapa Nairobi. Njia ni tambarare, kivuli kipo, na mbwa anaruhusiwa mradi awe kwenye kamba. Nenda siku za kazi asubuhi, Jumapili pana baiskeli na watoto kila mahali. Longonot na Hell's Gate usipoteze mafuta: ni mbuga za kitaifa, na mbwa haingii.

Sasa jua. Mbwa hatoi jasho kama sisi, anapoa kwa kuhema. Ngong, pale juu penye mitambo ya upepo, ndipo watu wanapodanganyika. Upepo unakupuliza hadi unavaa koti, huku mbwa mwenye manyoya meusi mgongoni anachomwa na jua la utosini, na kwenye ule mgongo wa vilima hakuna mti wa kujificha. Mimi huanza kukishapambazuka na kufikia saa nne na nusu nataka tuwe tunateremka. Maji ya mbwa nayabeba mbali na yangu, na bakuli lake, na nampa kidogo kidogo kabla hajaomba. Madimbwi ya njiani hanywi, ng'ombe wamekojoa humo.

Ujifunze kusoma ulimi. Ulimi wa mbwa aliyechoka tu unaning'inia. Wa mbwa aliyezidiwa na joto unapanuka nchani kama kijiko, ufizi unakuwa mwekundu sana, mate yanakuwa mazito, kisha miguu ya nyuma inaanza kuyumba. Ukiona hivyo matembezi yamekwisha. Mweke kivulini, hata kama ni kivuli cha mwili wako, mmwagie maji tumboni na mapajani, mpepee, uendelee mpaka kuhema kupungue. Kwanza apozwe, halafu ndipo akimbizwe kwa daktari wa mifugo. Usimfunike kwa taulo lililolowa, linafungia joto ndani.

Kamba. Najua wako "anasikia akiitwa". Wangu pia anasikia, mpaka aone mbuzi. Bosco ni mbwa koko, mpole kupita kiasi, lakini siku moja tulipokuta kundi la mbuzi kilima cha tatu alinyoosha masikio nami nikahisi kamba ikikaza mkononi kabla sijawaona wenyewe. Mzee mchungaji alikuwa ameketi juu ya jiwe, fimbo magotini. Hakuinuka. Alisema tu, "Mshike huyo," akawapigia mluzi mbwa wake wawili waliokuwa wameshaanza kutujia. Nikamwamkia, nikamwomba njia, akanionyesha kwa kidevu nizungukie upande wa chini. Ile ndiyo malisho yake, sisi ni wageni na viatu vyetu vya bei. Mbwa wako akirarua mbuzi utalipa, na ni haki ulipe. Kamba iwe ya kawaida, mita mbili hivi. Ile ya kujivuta yenyewe ikizunguka kichaka, au mguu wako kwenye mteremko, utajuta.

Hiyo kamba ndiyo dawa ya nyati pia. Mbwa aliyeachiliwa akimbwekea nyati msituni, nyati akimfukuza, mbwa anakimbilia wapi? Kwako. Chui naye ni mtu wa usiku na anapenda nyama ya mbwa kweli, kwa hiyo usianze gizani wala usikawie hadi magharibi. Ukitaka kuvuka vilima vyote hadi Kona Baridi, chukua askari wa msitu pale langoni. Hilo ni kwa ajili yako zaidi kuliko mbwa.

Kupe ndio wanaonikera kuliko vyote, kwa sababu madhara yake huyaoni siku hiyo. Mpe dawa ya kupe aliyokuandikia daktari kabla ya kutoka, si baada. Mkirudi, mpapase kwa vidole, usitegemee macho: ndani ya masikio, kwapani, katikati ya vidole, chini ya kola, chini ya mkia. Kupe wa Bosco hupenda kujificha kwenye ile mikunjo midogo ya ukingo wa sikio. Mshike kupe karibu kabisa na ngozi kwa kibano, umvute moja kwa moja. Mambo ya mafuta taa na kiberiti waachie waliotangulia. Wiki mbili tatu baadaye mbwa akikataa chakula, akiwa na homa, ufizi ukapauka au mkojo ukawa rangi ya kahawa, usingoje kesho. Homa ya kupe inatibika ikiwahiwa.

Msimu wa mvua kuna siafu, Karura hasa. Mbwa akianza kurukaruka na kuuma miguu yake, msikimbizane kutafuta tatizo hapo hapo mlipo. Ondokeni kwenye msafara kwanza, ndipo umbandue mmoja mmoja kutoka katikati ya vidole. Vichwa hubaki vimeng'ata.

Nyoka: kifutu hulala njiani wala hakimbii, kwa hiyo usimwache mbwa achomeke pua kwenye nyasi ndefu. Akiumwa, mbebe, asitembee. Usichanje jeraha, usiufunge mguu kwa kamba. Na usimpe dawa yako ya maumivu. Ibuprofen ni sumu kwa mbwa, na Panadol inaweza kumdhuru vilevile.

Chanjo ya kichaa cha mbwa iwe haijapita mwaka, utembee na picha ya cheti kwenye simu. Ukiumwa wewe na mbwa yeyote huko, osha jeraha kwa sabuni na maji yanayotiririka dakika 15 nzima, kisha hospitali siku hiyo hiyo, hata kama mwenye mbwa anaapa kwamba amechanjwa.

Ulikuwa umeuliza pia usafiri. Matatu sahau, makondakta wengi watakukatalia hata ukilipia viti viwili. Ukiita teksi, mpigie dereva kabla hajafika umwambie kuna mbwa, na ubebe shuka kuukuu la kutandika kiti cha nyuma. Wengi wakishaona shuka hukubali.