Ngazi tatu mlangoni, breli nyuma ya kioo

SWALI: Tunafungua makumbusho ndogo ya mtaa hapa Buruburu, Nairobi. Mlangoni pana ngazi tatu, jumla sentimita 45. Fundi asema rampu (njia ya mteremko) ya mita mbili yatosha. Kweli? Na breli, maandishi ya nukta zilizoinuka ya wasioona, tuiweke wapi?

JIBU: Haitoshi hata kidogo. Kila sentimita 1 ya kupanda inataka 12 za urefu, kwa hivyo ni mita 5.4. Ya mita mbili ni kali mno: kiti cha magurudumu kitarudi nyuma na kumlemea anayekisukuma. Uwanja ukiwa mfupi, ipindeni, na konani muache tambarare ya mita 1.5 kwa 1.5. Mbele ya mlango vilevile, la sivyo mgeni atavuta mlango huku kiti kikiserereka. Msiipige rampu niru (saruji laini ya kumalizia) ikang'aa. Pitisheni ufagio mgumu saruji ingali mbichi, masika yasije yakawaangusha watu.

Breli isikae ndani ya kabati la kioo (tumeyaona hayo!). Iwekeni kwenye ubao ulioinama kidogo, kimo cha sentimita 90 hadi 100. Ikisimama wima ukutani, kifundo cha mkono huchoka. Wachapaji wengine huchora nukta bapa. Kabla ya kulipa, mwiteni msomaji wa breli azipapase.