Re: Bili nalipa mimi, mbona naitwa bahili?

Mkuu, bili hazionekani, ndiyo shida. Kodi ukiilipa kwa simu usiku, mwenzako haoni kitu. Ukimkatalia viatu dukani, hilo analiona na halisahau. Utafiti wa Scott Rick na wenzake (2011) ulionyesha kwamba wabanifu na watumiaji wakubwa huvutiwa kimapenzi wao kwa wao, kisha tofauti hiyohiyo huwagombanisha kwenye ndoa. Kwa hiyo usijitetee kwa maneno. Mwisho wa mwezi kaeni dakika 20, mfungulie miamala yako yote, naye afungue yake. Mkishalipa ya lazima, kila mmoja abaki na kiasi cha kutumia bila kuulizwa, hata kiwe kidogo. Wengi hapa huharibu kwa kudai risiti. Usidai.