Maji Hupwa, Kanzu Hurudi: Kupungua kwa Kiingereza

Herufi mbili ziliwahi kunitia adabu. Nilikuwa karani katika kampuni moja ya klaringi, ya kutoa mizigo bandarini, hapa Kilindini, Mombasa, nikapewa kazi ya kumwandikia mteja wa ng'ambo aliyelalamikia ada ya kuhifadhi mzigo. Ada ilikuwa dola 500, na meneja alikubali ipunguzwe kwa asilimia 20. Mimi nikaandika "reduced to 20%". Mteja akatuma dola 100 na shukrani tele. Nilipaswa kuandika "by", naye angelipa 400. Meneja hakupiga kelele. Aliiweka barua mezani kwangu na kikokotoo juu yake, akaenda zake.

Na wala si kwamba sikujua. "To" ni hadi, "by" ni kwa, na Kiswahili kinazitenga vivyo hivyo: imepungua hadi 100, imepungua kwa 100. Niliandika mbio, bila kujiuliza kwanza kwa lugha yangu ninataka kusema nini. Tangu siku hiyo kila neno la kupungua nalipitisha kwenye Kiswahili kabla sijaliandika, na vijana wanaonijia kwa masomo ya jioni nawafundisha hivyo hivyo.

Jaribu kwa "The price has reduced", sentensi ninayokutana nayo kila wiki, hata kwenye matangazo. Sisi tuna kupungua na tuna kupunguza. Tamati ya kitenzi inakwambia kama bei imeshuka yenyewe au kuna mtu kaishusha. "Reduce" ni kupunguza. Inataka mwenye kutenda na chenye kutendwa: "The shopkeeper has reduced the price." Kama hutaki kumtaja mwenye duka, sema "has been reduced". Kama bei imejishukia tu, andika "has fallen", "has dropped" au "has gone down". "Decrease" haina makuu, inakubali kote kuwili, na mwenzake "increase" vilevile. Ila ukigeukia kuongezeka jihadhari: "rise" ni kupanda, "raise" ni kupandisha, na hawa hawabadilishani nafasi kamwe.

(Jikoni sheria hiyo inalegea. Wapishi wa Kiingereza husema mchuzi "reduces", wenyewe, ukiachwa uchemke mpaka uwe mzito. Kwa hiyo tui lako la samaki wa kupaka lina ruhusa ambayo bei haina.)

Kinachowashinda wengi zaidi ni yale maneno mengine: "shrink", "dwindle", "subside", "wane", "ebb". Wanayakariri kwa orodha, wote wakiyaandikia "kupungua" pembeni, kisha wanayachomeka popote. Lakini hata sisi hatusemi maji ya bahari "yamepunguzwa". Maji hupwa, na hiyo ndiyo "ebb". Kanzu ikifuliwa vibaya hurudi, ikakuacha vifundo nje. Hiyo ndiyo "shrink", na kinyume chake ni "stretch" kwa kitambaa kilichovutika, au "expand" kwa kitu kilichotanuka. Uvimbe ukinywea au mafuriko yakishuka, ni "subside". Vikianza upya, uvimbe huwa "swell" na maji huwa "rise". "Dwindle" ni ya kitu kinachokwisha kidogo kidogo huku unakitazama, kama mshahara kuanzia tarehe 15. Nayo haina kupunguza ndani yake: huwezi ku-"dwindle" kitu.

"Less" na "fewer" nazipita haraka, maana ukijua kidogo na chache umeshazijua. Maji kidogo, watu wachache.

Mwezi ndio ninaoupenda. Ukipungua ni "wane", ukikua ni "wax", neno ambalo siku hizi halina kazi nyingi nje ya mwezi, na linawachanganya wanafunzi kwa sababu pia ni nta. Hilali wanaiita "crescent", kutoka kitenzi cha Kilatini cha kukua, "crescere". Mzizi huohuo umo ndani ya "increase" na "decrease". Kwa hiyo sisi tunaosimama juu ya mapaa kutafuta mwezi wa Ramadhani tunatafuta, kwa Kilatini, kile kinachokua.

Juzi nilikuwa ufukweni Mama Ngina na mtoto wa kakangu, tukila mihogo. Akatazama mawe yaliyoanza kujitokeza.

"Ami, 'the sea has reduced'."

"Nani kaipunguza?"

Akacheka. "Basi 'is ebbing'."

Sawa, nikamwambia, lakini hiyo ina harufu ya kitabu. Mwingereza akiwa ufukweni atasema "The tide is going out", na yakijaa, "coming in". Akauliza bamvua, maji yanapojaa na kupwa sana, je? "Spring tide". Akadhani ni ya majira ya kuchipua. Hapana, "spring" hii ni ya kuruka, kububujika, na bamvua huja kila mwezi, mwandamo na mpevu. Na maji mafu, yasiyojaa wala kupwa sana? "Neap tide". Akalionja neno mdomoni mara mbili, akasema letu limekaa vizuri zaidi.

Sikumbishia.