Maswali Yenu: Jukwaa Moja, Mashairi Aina kwa Aina

Swali: Ndugu mhariri, mimi ni mshairi na mchoraji, na kila mwezi naandaa jioni ya mashairi. Bango nalichora mwenyewe: kila mtu anakaribishwa. Lakini wanaopanda jukwaani ni wale wale, wanaume watu wazima na tarbia zao, mashairi ya mishororo minne kila ubeti. Wanawake na vijana hukaa nyuma, hupiga makofi, huondoka. Nakosea wapi?

Jibu: Bango halina kosa, tazama orodha ya majina. Ikifunguliwa mlangoni, anayewahi ndiye anayepata, na wanaowahi ni waliozoea. Mgeni huhitaji nusu saa ya kujishauri, na orodha haimsubiri. Tenga nafasi mapema. Tuseme mna nafasi 12 za dakika 5: weka 4 za wanaosoma mara ya kwanza, 3 uwaalike mwenyewe kwa majina wiki mbili kabla, 5 zilizobaki zigawiwe kwa bahati, kwa kuokota vikaratasi vya majina. Aliyesoma mwezi huu awapishe wengine mwezi ujao. Nafasi ya mgeni isiyochukuliwa usimpe mzoefu hadi baada ya mapumziko. Mara nyingi yule anayesitasita hujitokeza hapo. Na usimfungulishe mgeni jioni, watu bado wanavuta viti. Mweke wa tatu au wa nne.

Muda nao uuchunge. Ubeti wa tarbia una mishororo 4 ya mizani (silabi) 16, yaani mizani 64. Ukighanwa kwa utulivu unakula kama nusu dakika. Basi dakika 5 ni beti 10, si 25. Mpe mzee hesabu hiyo kabla hajapanda. Kumkatiza katikati ni kumvunjia heshima, na kumwachia ni kula dakika za binti aliyeandikwa mwisho.

Swali: Wazee wetu wanasema shairi lisilo na vina wala mizani ni insha iliyokatwakatwa. Vijana wamesusa. Tufanyeje?

Jibu: Ugomvi huo ulipamba moto miaka ya 1970, mshairi Euphrase Kezilahabi alipotoa diwani yake ya mashairi huru, *Kichomi*, mwaka 1974, na hautaishia ukumbini kwenu. Kinachovunja vikundi ni kupima kila shairi kwa kipimo kimoja. Guni ni shairi lililokusudia arudhi, yaani kanuni za vina na mizani, likateleza. Shairi huru halikukusudia, kwa hiyo kuliita guni ni kosa la istilahi kabla halijawa kosa la adabu.

Chukueni mshororo mmoja muufanyie kazi pamoja:

*Mlango tumefungua, ingia mwenye kauli*

Ni mizani 8 kwa 8. Kijana aghalabu atahesabu 7 upande wa kwanza, kwa kuwa hajui kwamba *m* ya "mlango" ni silabi inayojitegemea, hivyo ni mizani kamili, ilhali *mw* ya "mwenye" imeungana na irabu yake. Hapo mzee ana la kufundisha. Sasa uvunjeni:

*Mlango*
*tumefungua.*
*Ingia.*

Hapa hamna mizani ya kuhesabu. Kuna kimya baada ya "mlango", na la kuulizana ni kama kimya hicho kina kazi au ni mapambo tu. Hili vijana wanalijua zaidi. Halafu wabadilishane: wazo lile lile, kila mmoja aliandike kwa mtindo wa mwenzake, ubeti mmoja tu.

Swali: Kwenye mashindano yetu waamuzi hupendelea mtindo wao. Kuna dawa?

Jibu: Azimeni utaratibu wa slam, mashindano ya kusoma mashairi jukwaani aliyoyaanzisha Marc Smith mjini Chicago miaka ya 1980. Waamuzi 5 huchaguliwa kutoka kwa wasikilizaji, kila mmoja hutoa alama 0 hadi 10, kisha ya juu kabisa na ya chini kabisa hufutwa. Mtu akipata 9, 8, 8, 7 na 4, hubaki 23. Ila waamuzi 3 wakiwa wa kambi moja, kufuta hakusaidii kitu. Wachague kutoka pembe mbalimbali za ukumbi. Alama pia hupanda kadiri usiku unavyosonga, kwa hiyo mpangilio wa wasomaji uwe wa bahati nasibu, na mtu asiyeshindana asome kwanza ili waamuzi wapimie kwake.

Swali: Mshairi kiziwi ameomba nafasi. Tuandae nini?

Jibu: Mkalimani wa lugha ya alama apate mashairi yote wiki moja kabla, mafumbo hayafasiriki papo kwa papo. Mshairi mwenyewe akighani kwa alama, yeye ndiye akae kwenye mwanga, mkalimani asome kwa sauti akiwa pembeni. Uso na mikono vyote vionekane hadi viti vya nyuma. Na michoro yako, ndugu, usiitundike nyuma yake: mikono hupotea kwenye rangi nyingi. Kitambaa kimoja cheusi au cha buluu iliyokolea kinatosha, mradi kisifanane na rangi ya ngozi yake wala ya nguo yake.