Unaanza kusoma falsafa ya Wagiriki? Usikariri majibu yao

Mapema tu kwenye somo hili utakutana na orodha ya wanafalsafa na kitu ambacho kila mmoja alidai ndicho asili ya vyote: Thales, maji; Anaximenes, hewa; Heraclitus, moto. Wengi huikariri, hufaulu mtihani, kisha hubaki wakijiuliza iweje watu waliodai kila kitu ni maji wahesabiwe waanzilishi wa sayansi. Orodha haitakujibu. Tafuta sababu walizotoa, na nani alimpinga nani.

Chukua swali moja: dunia imeshikiliwa na nini? Thales wa Miletus, mji wa bandari katika pwani ambayo leo ni ya Uturuki, alisema inaelea juu ya maji kama gogo. Anaximander, wa mji huohuo na anayesemekana kuwa mwanafunzi wake, hakukubali. Kwa maelezo ya Aristotle, mwanafalsafa Mgiriki wa karne ya 4 K.K., Anaximander alisema dunia haishikiliwi na kitu: iko katikati, umbali sawa na pande zote, basi haina sababu ya kwenda huku badala ya kule. Rudia kuisoma hoja hiyo taratibu. Ni karne ya 6 K.K., na hakuna aliyewahi kuiona dunia kwa mbali.

Kwangu mimi huyo ndiye mkali wao. Baada yake Anaximenes, naye wa Miletus, alirudi nyuma akasema dunia ni bapa na imebebwa na hewa. Hata hivyo usimdharau, maana ana jaribio unaloweza kulifanya hapo ulipo. Pulizia kiganja huku umebana midomo: pumzi ya baridi. Achama upumue: ya joto. Akahitimisha kwamba hewa ikibanwa hupoa, ikilegea hupata joto. Alikosea, na ukitaka ushahidi gusa pampu ya baiskeli ukishajaza upepo. Lakini dai lake aliliweka mahali ambapo yeyote angeweza kulipima na kumkosoa, na hilo ndilo la kuandika kwenye daftari lako.

Kuhusu vyanzo, kuwa mkorofi kidogo. Habari za Thales tunazipata kwa watu kama Aristotle, karne mbili hivi baadaye. Hiyo ya pumzi tunaipata kwa Plutarch, mwandishi Mgiriki, takriban miaka 600 baada ya Anaximenes. Katika mkusanyo wa vipande vya wanafalsafa hawa wa mwanzo, wa msomi Mjerumani Hermann Diels, uliotoka 1903, herufi A ni masimulizi ya wengine, B ni maneno yanayodhaniwa kuwa yao wenyewe. Kwenye A, uliza kwanza msimuliaji alikuwa anabishana na nani. Na usiandike kwamba kila kitu kilianzia Ugiriki. Wababeli walikuwa wakiweka kumbukumbu za anga zamani kabla yao.

Ukichoshwa na vipande vipande, soma andiko kamili: lile fupi kuhusu kifafa, miongoni mwa maandishi yanayohusishwa na Hippocrates, tabibu wa Ugiriki ya kale. Mwandishi anakataa kwamba ugonjwa huo ni mtakatifu kuliko mengine, anauweka kwenye ubongo, na kwa asiyeamini anasema apasue kichwa cha mbuzi aliyeugua: atakuta ubongo umejaa maji na unanuka.