Zawadi ya kisu cha Kijapani cha kaboni: usimpe mtu kutu

Kabla ya kuangalia bei, mfikirie anayepewa akishamaliza kupika. Kama vyombo vyake hulala kwenye beseni la maji hadi asubuhi, au anayeosha ni dada wa kazi mwenye stilwaya mkononi, mnunulie kisu cha stenlesi. Chuma cha kaboni hakina kromiamu ya kukilinda. Maji yakibaki juu yake muda mfupi tu, doa la rangi ya chungwa linatokea, na pwani, ambako hewa yenyewe ina chumvi, linatokea upesi zaidi. Lakini kama ni mtu anayenoa kisu chake mwenyewe na kukasirika mwingine akikigusa, umepata wa kumpa.

Kinachotafutwa hapa ni makali. Visu hivi hufanywa vigumu, takriban 60 hadi 63 kwa kipimo cha ugumu wa chuma cha Rockwell, wakati visu vingi vya Ulaya vya jikoni viko kati ya 55 na 58. Ugumu huo unaruhusu makali kunolewa membamba na kudumu, na chuma cha kaboni kinakubali jiwe la kunolea haraka kuliko stenlesi nyingi. Nyanya iliyoiva inakatika bila kubonyea. Kachumbari inabaki na maji yake ndani ya vipande badala ya kuyamwaga kwenye kibao.

Majina mawili ya chuma yanatosha kuyajua: shirogami, yaani karatasi nyeupe (白紙), na aogami, karatasi ya buluu (青紙). Vyote vinatoka Yasugi, mkoa wa Shimane, kwenye kampuni iliyoitwa Hitachi Metals hadi ilipobadili jina kuwa Proterial mwaka 2023. Shirogami namba 2 ina kaboni ya asilimia 1.05 hadi 1.15 na karibu hakuna kingine cha maana, ndiyo maana inanoleka kirahisi. Aogami imeongezwa kromiamu kidogo na tangsteni, hivyo inashika makali muda mrefu zaidi ila jiwe linaifanyia kazi zaidi. Kiasi hicho cha kromiamu hakizuii kutu, asikudanganye muuzaji. Kwa mtu anayeanza kujifunza kunoa, nunua shirogami namba 2. Ukiona tangazo linasema tu "chuma cha Kijapani" bila kutaja ni kipi, pita. Mawimbi mazuri kwenye bapa nayo hayakati kitunguu, na kwenye visu vya bei rahisi sana mara nyingi yamechorwa tu juu juu.

Bei nafuu haitafutwi Sakai, mji unaojulikana zaidi kwa visu vya wapishi wa samaki vilivyonolewa upande mmoja. Hivyo viacheni huko: ni vya mkono wa kulia au wa kushoto, na kuvinoa ni fani nyingine kabisa. Tafuta kazi za Tosa, mkoa wa Kochi, ambako wahunzi wana asili ya kufua majembe na mapanga ya msituni, au za Sanjo na Tsubame mkoani Niigata. Huko utapata visu vilivyoachwa na weusi wa tanuri kwenye bapa (huitwa kurouchi), vyenye mpini wa mti mwepesi usiopambwa. Kwa yeni 5,000 hadi 10,000 unapata kisu cha kweli. Anayepita Tokyo aende mtaa wa Kappabashi, kati ya Ueno na Asakusa, wenye maduka ya vyombo vya jikoni mfululizo. Baadhi huchonga jina la mpokeaji kwenye bapa ukiomba.

Umbo nalo lina maana. Watu hukimbilia gyuto refu, kisu cha mpishi chenye ncha, kwa sababu linaonekana kama la mpishi wa hoteli. Kwa jiko linalokata mchicha, sukuma wiki, kabichi, bamia na vitunguu kila siku, nakiri ya milimita 165 ndiyo yake: bapa la mstatili, makali yaliyonyooka, inagusa kibao chote kwa pigo moja na majani hayabaki yameshikana kama mnyororo. Anayekata pia nyama isiyo na mfupa apewe santoku, kisu cha kazi nyingi, ya urefu huohuo. Na kama huna uhakika na nidhamu ya mpokeaji, tafuta kisu chenye moyo wa kaboni uliovikwa stenlesi pande zote mbili. Kinachoweza kushika kutu hapo ni ukanda mwembamba wa makali tu, sehemu ambayo jiwe huipitia kila mara. Kwa zawadi, hiki ndicho ningekitanguliza hata kama bei inapanda kidogo.

Kisu peke yake ni nusu ya zawadi. Weka na kinoo cha maji namba 1000 (namba ni ya ulaini wa chembe za jiwe), kwa sababu fimbo ya chuma na vile vinoleo vya kuvutia kisu katikati ya magurudumu humega makali magumu hivi. Jiwe la kulowekwa likae majini mpaka mapovu yaishe, kama dakika 10. Kwa bapa la kimo cha milimita 48, inua mgongo wa kisu milimita 12 juu ya jiwe. Hapo umepata takriban nyuzi 15. Noa upande mmoja mpaka ukipitisha kidole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali, upande wa juu, uhisi mkwaruzo mdogo kuanzia kisigino hadi ncha. Huo ni ukingo wa chuma uliojikunja, na ndio ushahidi kwamba jiwe limefika kwenye makali. Geuza upande wa pili, kisha malizia kwa kubadilishana pande huku ukipunguza nguvu hadi mkwaruzo uishe. Wengi huacha kabla ya mkwaruzo kutokea, halafu wanalaumu jiwe.

Andika pia kikaratasi, maana mpokeaji hatayajua haya kwa kukitazama kisu. Hakigusi mfupa, nyama iliyoganda, kifuu wala gamba gumu la boga. Muhogo uliomenywa unakatika vizuri, ila usikipindishe kisu kikiwa ndani yake; makali humegeka kwa kunyongwa kuliko kwa kukata. Kibao kiwe cha mbao au plastiki, kamwe kisiwe kioo wala marumaru. Ukikata ndimu au embe bichi, futa bapa kwa kitambaa kabla ya kuendelea. Siku za mwanzo vitunguu vinaweza kuwa na weusi kidogo na harufu ya chuma. Bapa likishapata rangi ya kijivu-buluu hali hiyo hupungua, na rangi hiyo isisuguliwe, ni kinga. Inayosuguliwa ni ya chungwa: magadi ya kuokea yaliyolowekwa maji kidogo na kitambaa vinatosha ikiwahiwa.

Akimaliza kazi, aoshe kwa sabuni na sifongo, akaushe mpaka pale bapa linapoingia kwenye mpini. Mahali hapo pana upenyo, maji hujificha, na shina la chuma huoza ndani bila kuonekana. Nta ya nyuki iliyoyeyushwa inauziba. Kisu kisipotumika wiki nzima kipakwe mafuta. Ya alizeti hugeuka gundi. Wajapani hutumia mafuta ya tsubaki, yaani ya mbegu za kamelia. Mbadala ni parafini ya maji inayouzwa duka la dawa kwa ajili ya choo kigumu. Mwambie wazi kwamba si mafuta ya taa, maana kwa Wakenya na Waganda neno ni hilohilo.

Kwenye safari, kisu kiende kwenye begi la kukabidhi, si la mkononi, hata kama duka limekifunga vizuri. Kunja kadibodi nene juu ya makali, funga kwa utepe wa gundi wa karatasi, kisha zungushia nguo. Usikifunge na plastiki iliyobana: unyevu hunaswa humo, na mpokeaji anafungua boksi anakuta madoa kabla hajakata kitu.