Hesabu Siku Zako Kabla ya Kusaini Fomu

Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza: "Mjamzito aliyeamriwa na daktari kupumzika kwa muda mrefu afanyeje ili asipoteze mshahara, kazi wala likizo yake ya uzazi?" Ninalijibu nikiwa nimelipitia mwenyewe katika mimba yangu ya pili, na jibu langu ni kwamba atenganishe likizo ya ugonjwa na likizo ya uzazi tangu siku ya kwanza, wala asikubali siku za uzazi zianze kuliwa wakati mtoto bado ana miezi tumboni.

Nilikuwa mtunza stoo katika duka la jumla la vifaa vya ujenzi Kariakoo, nikitoka Mbagala kwa daladala kila alfajiri. Mimba ilipofika wiki ya 24 nilitokwa na damu, na kipimo cha ultrasaundi kikaonyesha kwamba kondo la nyuma limekaa chini na kufunika sehemu ya mlango wa kizazi. Daktari alinikataza kusimama kutwa, kunyanyua mizigo na kusafiri, akaniandikia ED, yaani cheti cha kupumzishwa kazi kwa ugonjwa, ya siku 14 huku akinieleza kwamba angeendelea kuirefusha. Mume wangu alipoipeleka kazini alirudi na fomu niliyotakiwa kuisaini: nianze na likizo ya mwaka ya siku 28, kisha niunganishe na likizo ya uzazi ya siku 84. Afisa utumishi alikuwa ametuma salamu za upole, nami nilikuwa na hofu ya mtoto kuliko hofu nyingine yoyote, hivyo kalamu nilikwisha kuishika. Aliyenizuia ni mama mmoja wa idara ya mauzo, mwakilishi wetu wa chama cha wafanyakazi, ambaye alikuja kunijulia hali, akaishusha kalenda ukutani na kuhesabu mbele yangu. Siku 28 na siku 84 ni siku 112, yaani wiki 16, na wiki 16 ukizijumlisha na 24 unapata 40. Likizo zangu zote zingekwisha wiki ileile niliyotarajiwa kujifungua.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini, Na. 6 ya 2004, inayotumika Tanzania Bara, inampa mfanyakazi katika kifungu cha 32 siku 126 za likizo ya ugonjwa ndani ya mzunguko wa miezi 36: siku 63 za mwanzo kwa mshahara kamili na 63 zinazofuata kwa nusu mshahara, mradi alete cheti cha daktari. Kifungu cha 33 kinahusu uzazi, nacho kinatoa siku 84, au 100 kwa aliyejifungua watoto zaidi ya mmoja kwa mpigo, na kinaruhusu likizo hiyo ianze wiki nne kabla ya tarehe ya matarajio, au mapema zaidi daktari akithibitisha kwamba afya ya mama au ya mtoto inahitaji hivyo. Waajiri wengine huishika sentensi hiyo ya mwisho. Mimi naisoma kuwa ni ruhusa aliyopewa mama, wala si amri ambayo mwajiri anaweza kumpa mgonjwa.

Niliandika barua fupi ya kuikataa fomu, nikaambatanisha ED, na mume wangu akahakikisha nakala yetu imepigwa muhuri wa kupokelewa. Kuanzia hapo nilijifunza kwamba hatari kubwa imo katika tarehe. ED yangu ya pili iliisha Jumapili ilhali kliniki ilikuwa Jumanne, na ile Jumatatu ikaandikwa utoro. Ilibidi daktari aandike tena ili tarehe zishikane. Isitoshe, taarifa ya likizo ya uzazi hutakiwa kumfikia mwajiri angalau miezi mitatu kabla ya kujifungua, pamoja na cheti cha daktari, maana yake ni takriban wiki ya 27, wakati ambao mgonjwa aliye kitandani hafikirii barua kabisa. Iandikeni mapema.

Nusu mshahara nayo inauma. Siku tano nilizougua malaria mwaka uliotangulia zilikuwa zimehesabiwa katika mzunguko uleule, kwa hiyo nilibakiwa na siku 58 za mshahara kamili, na katika siku 84 nilizopumzika hadi wiki ya 36, siku 26 zililipwa nusu. Makato ya mkopo wa SACCOS hayakupungua. Niliomba yapunguzwe kabla mshahara haujashuka, na nikakubaliwa. Ningesubiri hadi nikwame, sidhani kama wangenielewa vilevile.

Kwa walio Zanzibar, sheria yao ni Na. 11 ya 2005, na watumishi wa umma wana pia kanuni zao za kudumu, basi waulize huko. Wifi yangu wa Mombasa alishangaa kusikia habari za siku 126, kwa kuwa Sheria ya Ajira ya Kenya ya 2007 inamhakikishia mfanyakazi siku saba za mshahara kamili na saba za nusu kwa mwaka, ingawa likizo ya uzazi ni miezi mitatu. Kwake yeye, mkataba wa kazi na makubaliano ya chama cha wafanyakazi ndiyo ya kusoma kwanza, tena kabla ya kushika mimba.

Nilijifungua kwa upasuaji wiki ya 37, wiki moja baada ya likizo ya uzazi kuanza. Nilibakiwa na siku 77, na zile 28 za likizo ya mwaka, ambazo hazikuwa zimeguswa, nilizichukua mwishoni. Niliporudi stoo binti yangu alikuwa na wiki 15, na kidonda changu kilikuwa kimepona.

Msomaji wenu,
Mbagala, Dar es Salaam